Mashine Iliyofunzwa na Watoto Wenye Adabu

Haya, nakutegea, nawe usikimbilie kujibu. Nina mwanafunzi asiye na kichwa wala macho. Ukimshinda hanuni, ukimsifu hacheki, lakini kila umshindapo anazidi kuwa mgumu. Tumboni mwake mmejaa maharage, na hajawahi kula hata punje moja. Ni nani huyo?

Huna jibu? Usinipe mji kwanza. Tuongozane mpaka Handeni, upande wa Sindeni, nyumbani kwa kina Nasinkoi. Huenda tukamkuta huko.

Nasinkoi alikuwa msichana wa darasa la sita, mrefu na mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko nywele za kichwani. Asubuhi alimsaidia mama yake kukamua, akanywa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, kisha akakata mbuga kwenda shule. Jioni aliwafungia ndama na kusubiri ng'ombe warudi.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lililomsumbua siku zote. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Kuwanyooshea mifugo kidole na kusema moja, mbili, tatu ni kujitakia mabaya. Baba yake, mzee Kiseyian, alisimama tu mlangoni pa boma, ameegemea fimbo, huku kundi zima likimpita na kumtimulia vumbi. Wa mwisho alipokwisha kuingia, baba angesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika hayupo." Wakienda kumtafuta, kweli, watamkuta korongoni anakula peke yake.

"Papa," Nasinkoi alimuuliza jioni moja, "unajuaje, na hujawahesabu?"

Mzee Kiseyian alimtazama, akatazama mbuga, akatema mate pembeni. "Kafunge ndama," akasema.

Nasinkoi akaenda kufunga ndama, na swali lake likabaki palepale mlangoni.

Sasa, likizo iliyopita Nasinkoi alikuwa Korogwe kwa shangazi yake Nkoile, anayeuza shanga na viatu vya katambuga karibu na stendi. Alipelekwa kumbebea shangazi mtoto. Shangazi alikuwa na simu yenye akili mnemba, ile programu ambayo ukiiuliza kitu inakujibu kama mtu. Yeye aliiuliza mambo ya bei na mambo ya mtoto asiyelala. Siku moja mtoto akiwa amelala, Nasinkoi aliiomba simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja, "Na wewe umejifunzaje?"

Jibu lilikuwa refu. Alilisoma huku akirudia mistari migumu. Alichoelewa ni hiki: mashine haikukaa darasani ikafundishwa kila kitu kimoja kimoja. Ilionyeshwa mifano mingi mno, ikabahatisha, ikakosea, ikarekebishwa, ikabahatisha tena. Chini zaidi palielezwa kwamba zamani, kabla kompyuta hazijaenea, watu waliwahi kutengeneza mashine ya kujifunza mchezo kwa kutumia viberiti vitupu. Nasinkoi aliposogeza ukurasa aone jinsi ya kuitengeneza, bando likakata.

"Shangazi, bando limekwisha!"

"Na hela ya bando ndiyo hiyo uliyonywea soda jana," shangazi akamjibu akicheka.

Basi akarudi Sindeni na nusu ya elimu. Nusu nyingine ilibidi aitafute mwenyewe. Mtu mwingine angesema basi, yameishia hapo. Yeye alianza kuokota viberiti: jikoni, dukani, nyuma ya chumba ambamo walimu hupikiwa chai. Alijaribu njia moja ikamkatalia, akajaribu nyingine. Alikaa na viberiti vile kila Jumamosi mpaka mama yake akaanza kumuuliza kama kichwa kinamuuma. Mwishowe akaipata.

Na wewe nitakueleza, maana ukitaka unaweza kuitengeneza kwenu.

Mchezo wenyewe ni wa kokoto kumi. Zinawekwa chini, watu wawili wanachukua kwa zamu. Kila zamu unachukua moja au mbili, upendavyo. Atakayebaki na kokoto ya mwisho, akalazimika kuichukua, huyo ameshindwa. Mgeni ndiye anayeanza, na mashine inafuata.

Kila kiberiti kilikuwa na namba yake, kuanzia tisa kushuka mpaka mbili. Ndani mlikuwa na maharage mekundu manne na kunde nyeupe nne. Zikibaki kokoto sita na zamu ni ya mashine, unafungua kiberiti cha sita, unafumba macho, unachomoa punje moja. Likitoka harage, mashine inachukua kokoto moja. Ikitoka kunde, inachukua mbili. Mashine ikishinda, kila punje iliyochomolewa inarudi kiberitini mwake pamoja na mwenzake wa rangi ileile, kama zawadi. Ikishindwa, punje ya mwisho kuchomolewa hairudi tena, inakwenda chunguni. Kiberiti kikiishiwa punje, mashine inakiri imeshindwa, na adhabu inaiangukia punje iliyochomolewa kabla ya hapo. Ni hayo tu. Makosa yanapungua, mazuri yanaongezeka, na mashine inajifunza bila kichwa.

Umemwona sasa mwanafunzi wangu wa kitendawili? Ndiye huyo.

Nasinkoi aliifunza mashine yake nyumbani kwa bibi yake, ambaye wote walimwita Koko. Mdogo wake Kisioki na watoto wa baba zake wadogo ndio waliokuwa wageni wa mashine. Mwanzoni iliboronga, watoto wakashangilia. Baadaye ikaanza kuwapiga. Ikafika siku hakuna mtoto wa boma lile aliyeweza kuifunga. Kisioki alilia kabisa.

"Koko, viberiti vimenionea!"

"Viberiti havimwonei mtu," Koko akasema akimfuta kamasi. "Njoo ule."

Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu aitwaye Mwantumu, mzaliwa wa hukohuko Handeni, mfupi, mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani. Kila Jumatatu mstarini, mwanafunzi mmoja alisoma kauli ya mtu mwenye hekima, ikaandikwa kwenye ubao wa nje ikakaa wiki nzima. Lakini kwa Mwalimu Mwantumu kauli haikupita hivihivi. Ukishamaliza kuisoma, alikuuliza neno moja: "Amejuaje?" Ukiweza kueleza, kauli inaandikwa. Ukishindwa, ubao unabaki mtupu.

Mpenzi mkubwa wa kauli alikuwa Hiza, mtoto wa mkulima mmoja wa mahindi, mnene wa mashavu, mwepesi wa ulimi. Hiza alizikusanya kutoka kwenye simu ya kaka yake.

"Mwanafalsafa mmoja mashuhuri alisema," Hiza alisoma Jumatatu hiyo, kifua mbele, "ushindi ni wa yule aliyeshinda."

"Amejuaje?" akauliza mwalimu.

"Kwa sababu... alishinda, mwalimu."

Mstari mzima ulicheka, na ubao ukabaki mtupu. Lakini siku hiyohiyo Mwalimu Mwantumu alikuwa na tangazo. Likizo ya Juni, kule Korogwe, kungekuwa na mafunzo ya kompyuta na akili mnemba kwa wanafunzi wa shule za msingi. Shule yao imepewa nafasi moja. Atakayeonyesha kazi bora aliyojifunza mwenyewe, Siku ya Taaluma, mbele ya wazazi, ndiye atakayekwenda.

Nasinkoi alirudi nyumbani akikimbia. Alimkuta baba yake akinoa sime, akainamisha kichwa aguswe utosini kama ilivyo desturi, kisha akamweleza yote bila kupumua.

Mzee Kiseyian aliendelea kunoa. "Juni ndama wanakwenda ronjo," akasema. Ronjo ni kambi ya kiangazi, mbali, wanakofuata majani na maji. "Nani atawachunga?"

"Kisioki amekua, Papa."

"Watu siku hizi ukiwauliza jambo wanasema, simu imesema. Mimi nauliza, simu nayo imeambiwa na nani? Hawajui." Aliupima ukali wa sime kwa kidole gumba. "Nitakuja hiyo siku yenu. Nikiona ni kitu cha kweli, utakwenda Korogwe. Nikiona ni mchezo wa watoto, utakwenda ronjo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Papa."

Kesho yake Nasinkoi alibeba viberiti vyake kwenye mfuko wa rambo akavipanga juu ya dawati wakati wa mapumziko. Alikuwa na hakika, na hakika ile ilimfanya ajisifu kidogo.

"Hakuna wa kuifunga hii," akasema. "Nyumbani imewapiga wote."

"Wote kina nani? Wale wadogo zako wenye makamasi?" Hiza akajisogeza mbele, mkono mmoja umeshika muhogo wa kuchemsha. "Sogea hapa. Mgeni anaanza, siyo?"

Hiza akachukua kokoto mbili. Zikabaki nane. Nasinkoi akafumba macho, akachomoa: harage. Mashine ikachukua moja, zikabaki saba. Hiza akachukua mbili tena, zikabaki tano. Mashine: kunde. Ikachukua mbili, zikabaki tatu. Hiza hakufikiri hata kidogo. Akachukua mbili, akakisukuma kijiwe cha mwisho mbele ya viberiti.

"Mle wenyewe."

Wakacheza tena. Hiza akachukua mbili, na mbili, na mbili. Akashinda. Wakacheza mara ya tatu, akashinda huku anatafuna muhogo, anatazama dirishani.

Darasa lililipuka. "Oya, akili mnemba imefeli!" mmoja akapiga kelele. "Hiyo siyo akili mnemba, ni akili maharage!" mwingine akadakia. Hiza akapanda juu ya benchi. "Mwanafalsafa mmoja mashuhuri alisema, kiberiti ni cha kuwashia moto!"

Nasinkoi alivikusanya viberiti. Machozi yalimfika machoni, akayazuia hapohapo. Alipotoka nje alimkuta Mwalimu Mwantumu mlangoni. Alikuwa amesimama hapo muda.

"Imelogwa, mwalimu," Nasinkoi akasema kwa hasira. "Jana ilikuwa inashinda."

"Imelogwa," mwalimu akarudia, bila kucheka. "Umejuaje?"

Nasinkoi akautazama mfuko wa viberiti mkononi mwake.

Jioni, alipomaliza kazi zake, alikaa nje ya nyumba ya Koko akavifungua viberiti vyote, akavipanga kwenye ngozi. Badala ya kulalamika, alivitazama kama baba yake anavyotazama ng'ombe, kimoja baada ya kingine. Cha tatu kilijaa kunde. Cha pili kilijaa maharage. Cha tano kilijaa kunde pia, na hicho ndicho kilichomponza: kunde iliacha tatu, Hiza akachukua mbili. Lakini kilichomshangaza ni cha nane. Kilikuwa na maharage manne na kunde nne. Kilikuwa vilevile alivyokijaza siku ya kwanza!

Michezo yote ile, na kiberiti cha nane hakijawahi kufunguliwa? Alifikiri, akichora mavumbini kwa kijiti. Mashine inakutana na kokoto nane lini? Kokoto ni kumi. Mgeni anaanza. Akichukua moja zinabaki tisa. Ili zibaki nane, lazima mgeni aanze kwa kuchukua mbili.

Kwa hiyo hakuna mtoto hata mmoja wa boma lile aliyewahi kuanza kwa kuchukua mbili. Lakini kwa nini? Kanuni inaruhusu, na aliwaeleza wote.

"Njooni mle!" Koko akaita.

Walizunguka sinia moja la mahindi ya kuchemsha na maharage. Kisioki akanyoosha mkono, akachukua hindi moja, akarudisha mkono. Akafuata mtoto mwingine, moja, akarudisha mkono. Nasinkoi naye alinyoosha mkono, akashika hindi, na mkono ukamgandia hewani.

"Koko," akasema polepole, "mtoto akichukua mahindi mawili kwa mara moja, inakuwaje?"

Koko aliacha kutafuna. "Mbele ya wenzake? Sinia moja? Huyo katoka wapi?"

"Lakini akichukua?"

"Hachukui!" Koko alishtuka kana kwamba ameulizwa habari ya mtu kutembea uchi. "Mimi nimewalea. Mnachukua kimoja, mnatafuna, ndipo mnarudi. Anayebeba mawili ni mlafi."

Nasinkoi alicheka mpaka hindi likamwanguka. Watoto wote wakamtazama. Alikuwa amelipata jibu! Hakuna uchawi wowote. Wadogo zake walichukua kokoto kama wanavyochukua mahindi: moja, kwa adabu. Mashine yake ilifunzwa na watoto wenye adabu tupu, na katika dunia ya mashine ile hapakuwa na mtu mwingine. Siku alipokuja Hiza na mikono yake miwili, ikapotea kama mgeni asiyejua njia.

Usiku ule, kabla ya usingizi, wazo moja lilimjia likambembeleza. Kiberiti cha tano amekwisha kukijua. Kwa nini asiondoe kunde zote kwa mkono wake, ajaze maharage? Au achungulie kidogo wakati wa kuchomoa? Nani atamwona? Lakini akajijibu mwenyewe. Akifanya hivyo, mashine haitakuwa imejifunza chochote. Itakuwa ni yeye, Nasinkoi, amejificha ndani ya viberiti. Na baba ameahidi kuja kuona kitu cha kweli.

Asubuhi akamfuata Hiza kwenye bomba la maji.

"Hiza, nahitaji msaada wako."

"Wa nini? Kuwashia moto?"

"Nataka ucheze na mashine yangu. Kila mapumziko, mpaka Siku ya Taaluma."

Hiza alifunga bomba. "Yaani niifundishe kunifunga mimi mwenyewe? We Nasi, mimi mjinga?"

"Wewe ndiye pekee uliyeifunga. Ulijuaje kuchukua mbili mbili?"

"Sikujua kitu." Hiza akajikuna shavu. "Kwetu tuko tisa. Ukichukua kimoja kimoja unalala njaa."

Walitazamana, wakaangua kicheko wote wawili.

"Nakuja," Hiza akasema. "Ila useme mbele ya watu kwamba nilishinda."

"Nitasema."

Basi wakaanza. Kila mapumziko, chini ya ukuta wa darasa, kokoto zilichukuliwa na kunde zikatupwa. Siku za mwanzo mashine ilishindwa vibaya. Wanafunzi waliopita walimwambia Nasinkoi aache, anapoteza muda, angecheza rede na wenzake. Hakuacha. Kila mashine iliposhindwa aliitoa punje iliyokosea, akasema, "Tena." Kunde za kiberiti cha tano zikapungua, maharage yakabaki. Kiberiti cha nane kikaanza kuonja maisha.

Siku moja Hiza alishindwa mara nyingi mfululizo, akanuna. "Basi, imeiva."

Nasinkoi alikuwa karibu kukubali. Kisha akakumbuka sinia la Koko. "Bado. Imekujua wewe. Nyumbani iliwajua wenye adabu, hapa imemjua mlafi mmoja."

"Asante kwa jina zuri."

"Tunahitaji watu wa kila aina."

Wakawaita wanaofikiri sana na wasiofikiri kabisa, wanaoanza na moja wakamalizia na mbili, wanaobadilisha mawazo mkono ukiwa njiani. Hata mpishi wa chai ya walimu alicheza, akachukua kokoto kwa ncha ya mwiko. Mashine ikashindwa tena, ikarekebishwa tena. Nasinkoi hakujisifu tena kwamba hakuna wa kuifunga. Mtu akimuuliza, alijibu, "Jaribu tuone."

Siku ya Taaluma ikafika. Wazazi walijaa uwanjani, wenye kanga na wenye mashuka mekundu, wakulima upande huu na wafugaji upande ule, kila mtu akitafuta kivuli cha ukuta. Kulikuwa na kazi nzuri: mtoto aliyechuja maji kwa mchanga, mwingine aliyechora ramani ya wilaya kwa mbegu. Zamu ya Nasinkoi ilipofika, alisimama nyuma ya meza, akavipanga viberiti. Mzee Kiseyian alikuwa mbele kabisa, ameegemea fimbo yake kama yuko mlangoni pa boma.

"Shikamooni wazee wangu," Nasinkoi akaanza. "Hii ni mashine ya kujifunza. Kabla sijawaonyesha, nina ahadi ya kutimiza. Mashine hii ilifungwa na Hiza, mara zote alizocheza siku ile ya kwanza, huku anakula muhogo."

Watu wakacheka. Hiza akasimama, akainama kama mgeni rasmi.

Nasinkoi akaeleza yote: wadogo zake, sinia la Koko, kiberiti cha nane ambacho hakikuwahi kufunguliwa. Koko, aliyekuwa amekaa na wanawake, aliziba mdomo kwa kanga. Kisha Nasinkoi akauliza, "Nani atacheza?"

Fimbo ikagonga ardhi. Mzee Kiseyian akasogea mezani.

"Mgeni anaanza, Papa."

Mzee alizitazama kokoto. Akachukua moja, akaitazama mashine kana kwamba inaweza kumwangalia usoni. Mashine ikachukua mbili. Akachukua mbili, mashine ikachukua moja. Zilipobaki nne, mzee alisimamisha mkono, akafikiri kwa muda mrefu, akachukua moja. Nasinkoi akafumba macho. Kiberiti cha tatu. Kunde. Ikabaki kokoto moja mbele ya baba yake.

Mzee Kiseyian akacheza tena, kwa njia nyingine, akashindwa. Akacheza mara ya tatu, akashindwa. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akakichukua kiberiti kimoja, akakitikisa sikioni, akakifungua, akaziona punje.

"Ni kunde tu," akasema.

"Ni kunde tu, Papa. Haijui kama inacheza. Haikujui wewe. Ina mabaki ya makosa yake tu. Hata ile ya kwenye simu, ingawa ni kubwa mno kuliko hii, imejifunza kwa mifano iliyoonyeshwa. Ikionyeshwa upande mmoja, itajibu upande mmoja, na itajibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Ndiyo maana ikikujibu, lazima uulize imejuaje, kisha ukahakikishe mwenyewe."

Mwalimu Mwantumu alikuja mbele, akaweka mkono begani kwa Nasinkoi.

"Wazazi wangu," akasema kwa ile sauti yake ya kufika barabarani, "na ninyi wanafunzi, mnisikilize. Huyu mtoto angeweza kusema mashine imelogwa. Alianza kusema hivyo, nilimsikia. Angeweza kuchungulia punje, na leo tungempigia makofi bila kujua. Hakufanya. Aliliuliza kosa lake limetoka wapi, akakaa nalo mpaka likamjibu, kisha akamwendea aliyemcheka na kumwomba msaada. Mtu mwenye akili hukosea kama wengine, ila yeye hulitazama kosa lake usoni. Msikubali jambo kwa sababu limesemwa na simu, au na mtu mashuhuri, au na mimi. Ulizeni limejulikanaje. Na mkiisha kulianza jambo jema, msiliache kwa sababu watu wamecheka." Akageukia ubao wa nje, uliokuwa mtupu tangu Jumatatu. "Nasinkoi, nipe kauli ya wiki."

Nasinkoi alifikiri kidogo. "Mwulize pia asiyekula sahani moja nawe."

"Umejuaje?"

"Nilimwuliza Hiza."

Kauli ikaandikwa ubaoni kwa chaki, na chini yake jina la Nasinkoi. Hiza akalalamika kwamba jina lake nalo liwekwe, maana bila mlafi kusingekuwa na mashine. Likawekwa, kwa herufi ndogo. Na walimu walipotoka kikaoni, nafasi ya Korogwe ilikuwa ya Nasinkoi.

Jioni baba na binti walirudi nyumbani kwa miguu. Mzee Kiseyian alitangulia, Nasinkoi akafuata na mfuko wake wa viberiti. Nasinkoi aliogopa kuuliza, maana walimu wamekubali, lakini neno la mwisho lilikuwa bado halijatoka. Walifika bomani ng'ombe wakianza kuingia. Mzee akasimama mahali pake, akamwita binti yake asimame kando yake, mahali ambapo hakuwahi kumsimamisha.

"Ndama atawapeleka Kisioki," akasema, macho yake yakiwa kwenye kundi. "Msalimie shangazi yako."

"Ahsante, Papa!"

Ng'ombe wakapita, weusi, wekundu, wa madoa. Vumbi likapanda, likatua. Wa mwisho akaingia, na mlango wa miiba ukavutwa.

"Wametimia," mzee akasema. Akaipapasa fimbo yake. "Uliniuliza jambo hapa, jioni moja."

Nasinkoi akamgeukia.

"Nilipokuwa mdogo kama Kisioki, babu yako alinisimamisha hapa nilipo. Nikasema wametimia, kumbe mmoja amebaki porini. Nikatumwa kumtafuta. Kesho yake akanisimamisha tena, nikakosea tena, nikatumwa tena. Kila niliyemkosea, sikumsahau sura mpaka leo." Akamgusa binti yake utosini. "Ndivyo nilivyojua, mwanangu. Kwa wale niliowakosea."